Kiswahili cha Malaba na lugha za nyumbani

Madereva wa malori kutoka Mombasa wana swali moja ambalo huniuliza wakisubiri makaratasi yao yapite hapa Malaba: ninyi huku Uganda mnaongea lugha gani hasa? Wanategemea jibu fupi. Mimi ni wakala wa forodha, Kiswahili ndicho chombo changu cha kazi kutwa nzima, na bado jibu fupi sina. Acha niliandike refu.

Nchi yetu ina lugha arobaini na kitu. Hesabu kamili inategemea nani anahesabu, kwa sababu kuna ndugu wanaosema wanazungumza lugha moja na kuna ndugu wanaokataa katakata. Katiba ya mwaka 1995 iliorodhesha jamii za asili 56, na marekebisho ya mwaka 2005 yakazifikisha 65. Jamii na lugha si kitu kimoja, ila orodha hiyo inakupa picha ya msongamano uliopo.

Kwa sikio la Mswahili, mpaka mkubwa ni Ziwa Kyoga. Kusini yake, kuanzia Busoga na Buganda mpaka Ankole, Kigezi na milima ya Rwenzori, utasikia lugha za Kibantu. Hutaelewa kila kitu, lakini utashika neno hapa na neno pale, na baada ya miezi michache utakuwa unajibu salamu kama mwenyeji. Ukivuka kwenda kaskazini, mlango unafungwa. Kiacholi, Kilango na Kialur ni lugha za Kiluo. Kiteso na Kikarimojong ni za ukoo wa Ateker. Ukivuka Nile kuelekea Arua unakutana na Kilugbara na Kimadi, ambazo hazina undugu wowote na za Kibantu, na ambazo kupanda na kushuka kwa sauti hubadilisha maana ya neno zima. Kule juu kabisa, kwenye milima ya Karamoja, wako Waik na Wasoo, ambao lugha zao hazifanani na za jirani yeyote. Bado sijawataja Wanubi wa Bombo, wajukuu wa askari wa Kisudani walioletwa na Lugard, afisa wa Kiingereza, mwaka 1891, ambao nyumbani wanazungumza Kiarabu walichokifinyanga wenyewe kikawa lugha kamili.

Kwetu Tororo mafungu haya yote karibu yanagusana. Wapadhola ni Waluo waliobaki hapa wenzao walipoendelea na safari ya kwenda Nyanza. Ubavuni pao wako Wateso. Kidogo tu mbele wako Wanyole, Wasamia na Wagwere, wote Wabantu. Panda takisi uende Mbale, uko kwa Wagisu, na ukiendelea kupanda mlima mpaka Kapchorwa unafika kwa Wasebei, ambao wakizungumza utadhani uko Eldoret kwa Wakalenjin. Baba yangu alikuwa Mpadhola, mama Msamia, na sisi tulikulia kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli. Uani pale palikuwa na watoto wa kila kabila, wengine wazazi wao wametoka Kisumu na Nakuru, na Kiswahili ndicho tulichochezea mpira. Hakikuwa cha mtu yeyote, kwa hiyo hakuna aliyemcheka mwenzake akikosea.

Najua kwamba ukienda Kampala na maelezo hayo, mzee wa Kiganda atakutazama kwa shaka, na ana sababu. Kiswahili kiliwahi kuingia Buganda kwa heshima. Kabaka Mutesa wa Kwanza, mfalme wa Buganda, alijifunza kwa wafanyabiashara wa pwani, na Stanley, yule msafiri wa Kizungu, alipofika mwaka 1875 walizungumza Kiswahili. Wasomi wa mwanzo wa dini walianzia humo humo. Kisha Biblia nzima ikatoka kwa Kiganda mwaka 1896, wamisionari wakaanza kukitazama Kiswahili kama lugha ya Uislamu, na Kiganda kikasafiri mashariki pamoja na jeshi la Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda, na makatekista wake. Gavana wa Kiingereza, Gowers, alipotaka kukirudisha Kiswahili shuleni mwishoni mwa miaka ya 1920, Kabaka Daudi Chwa alipinga waziwazi, kwa maandishi. Kikabaki wapi? Kwenye kambi za askari na vituo vya polisi.

Huko ndiko kilikoharibikiwa jina. Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa kwa amri mwaka 1973, na amri ya Amin haikuwa kitu cha kumfanya mtu apende lugha. Mwaka 1979 yakaja majeshi ya Tanzania pamoja na wakombozi wetu. Miaka ya mwanzo ya 1980, katika utawala wa pili wa Obote, zikaja operesheni ambazo kila mtu mzima wa Kampala anazijua kwa jina la panda gari: askari wanazingira mtaa alfajiri, watu wanarundikwa kwenye malori, na wengine hawakurudi. Maagizo yote yalitoka kwa Kiswahili. Mtu aliyesikia lugha hiyo kwa mara ya kwanza akiwa amelala kifudifudi kando ya barabara hawezi kuambiwa leo kwamba ni lugha ya umoja wa Afrika Mashariki, akaitikia kwa furaha. Sisi tunaokipenda Kiswahili tunapaswa kulibeba jambo hili bila kulifunika.

Utafiti wa lugha uliofanywa nchini mwishoni mwa miaka ya 1960 ulionyesha kwamba Kiswahili kilikuwa cha wanaume zaidi kuliko wanawake, na ilieleweka kwa nini: kilijifunzwa jeshini, polisi, kwenye reli na mashamba makubwa. Nikitazama dirisha la ofisi yangu leo naona mambo yamegeuka.

Mbele yangu yuko mama wa chai. Ni Mteso wa upande huu, na dada yake ameolewa ng'ambo ya mto Malaba, kwa Wateso wa Kenya. Ana jiko la mkaa, sufuria mbili, chapati ndani ya kitambaa, na benchi la mbao. Kabla hajamsalimu dereva, anatazama namba ya gari. Ikianza na K, atakaribisha kwa Kiswahili cha Kenya na kuuliza kama ni ya maziwa au ya rangi. Ikiwa ni ya Rwanda, ataanza na mwaramutse, kisha amalizie kwa Kiswahili. Lori la Kongo likisimama, sauti yake inabadilika kabisa, anasema "jambo, papa" kama mtu wa Bunia. Wale wanaoelekea Juba kupitia Elegu wamemfundisha Kiarabu chao cha kutosha kuuzia chai na kudaia deni. Namba ikianza na U hasemi kitu. Anasubiri mteja afungue mdomo kwanza, kwa sababu gari la Uganda linaweza kumshusha mtu wa lugha yoyote, na kumsalimia Mwacholi kwa Kiganda kunaweza kumharibia biashara asubuhi hiyo hiyo.

Nimemtazama akirudisha chenji. Anapokea shilingi za Kenya, anarudisha za Uganda, anabishana na mteja kwa Kiswahili kuhusu kiwango cha leo, lakini wakati wa kuhesabu noti midomo yake inacheza kwa Kiteso. Kila mara. Lugha nyingine zote anazo, na zinamlisha, ila hesabu yake haijawahi kuhama nyumbani.

Wanawake wa namna yake ndio wamekitoa Kiswahili kambini. Wako Malaba, Busia, Mutukula, Mpondwe, Arua. Wanauza vitenge, samaki wa kukaushwa, vitunguu, sabuni. Wakimbizi wa Kongo walioko Nakivale na Kyangwali wamekiingiza kwenye masoko ya magharibi ambako wenyeji walikuwa hawakitumii sana. Hakuna waziri aliyewaagiza. Kiswahili chao kina makosa ya ngeli ambayo mwalimu wa Zanzibar angeyapiga mstari mwekundu, na ni Kiswahili ambacho kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi hii hakimtishi mtu. Mimi naamini hicho ndicho tunachopaswa kukijenga juu yake.

Lakini sitaki kusema Kiswahili kinatosha, kwa sababu nimeona kisipotosha.

Nilikuwa nimempeleka shangazi yangu hospitali, mji mmoja wa mashariki. Kwenye foleni alikuwapo mama kijana wa Kikarimojong kutoka Napak, na mtoto mchanga anayehara. Nesi alikuwa mtu wa Kabale. Alikuwa na Kikiga chake, Kiingereza kizuri na Kiganda kidogo, na yule mama hakuwa na hata kimoja kati ya hivyo. Kiswahili pia hakuwa nacho. Nesi akasimama katikati ya wodi akauliza kwa sauti nani anajua Kikarimojong. Kimya. Kisha mama mmoja wa Kiteso, ambaye naye alikuwa anauguza, akasema yeye anakisikia, maana Kiteso na Kikarimojong ni ndugu wa karibu. Tatizo ni kwamba mama huyo hakuwa na Kiingereza. Alikuwa na Kiswahili. Ndivyo nilivyoingizwa.

Nesi aliniuliza kwa Kiingereza mtoto ameanza kuhara lini. Nikamuuliza mama wa Kiteso kwa Kiswahili. Naye akamuuliza mama mdogo. Jibu likarudi kwa njia ile ile: tangu kabla ya kupanda basi, na maziwa anayakataa. Mpaka hapo tulikwenda vizuri. Tulipofika kwenye maelekezo ya kuchanganya ile pakiti ya chumvi na sukari, tukakwama kwenye kipimo. Lita moja ikapotea kati yangu na mama wa Kiteso, kisha ikapotea tena mbele yake. Mwishowe nesi akachukua chupa tupu za maji ya kununua, za nusu lita, akaziinua mbili pamoja, akaonyesha kwa kidole pakiti moja inaingia wapi. Akamtaka mama arudie. Akarudia kwa Kikarimojong, polepole, akihesabu kwa vidole. Mama wa Kiteso akanirudishia, nami nikamrudishia nesi, na nesi akatikisa kichwa kwamba ni sawa. Wakati wote huo foleni ilikuwa imesimama na hakuna aliyenung'unika.

Watu wale walifanya kazi nzuri sana, na bado nilitoka pale nimekasirika. Maisha ya mtoto yalitegemea nani amekaa kwenye benchi gani asubuhi ile. Hospitali ina mlinzi, ina mfagizi, ina karani, na katika nchi yenye lugha arobaini na kitu haina mtu hata mmoja anayelipwa kwa kazi ya kutafsiri. Mara nyingi anayefanya kazi hiyo ni mfagizi, bure, huku ameshika fagio.

Jambo la pili ni shule, na hapa naandika kwa uchungu. Shule ya msingi niliyosoma ilikuwa na kibao cha mbao chenye kamba. Ukikamatwa unasema lugha yoyote isiyo Kiingereza unavishwa shingoni, na njia ya kukivua ni kumkamata mwenzako. Atakayekuwa nacho jioni anachapwa. Kiswahili chetu cha uani kilihesabiwa kosa sawasawa na Kipadhola. Tulifundishwa kuwapeleleza marafiki zetu. Palikuwa na mvulana darasani kwetu ambaye kwa Kipadhola alisimulia hadithi za sungura mpaka wakubwa wanasimama kusikiliza. Kibao kilimkalia shingoni mara nyingi kuliko wote kwa sababu alikuwa msemaji. Kufikia mwisho wa muhula alikuwa ameacha kusema, darasani na hata njiani kurudi nyumbani. Walimu walimsifu kwamba ametulia.

Tangu mwaka 2007 mtaala unataka mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo lake kuanzia darasa la kwanza mpaka la tatu, la nne liwe la kuvukia, kisha Kiingereza. Ni mpango mzuri na ninauunga mkono. Ila shule nyingi za binafsi zinaanza na Kiingereza tangu chekechea, kwa kuwa mzazi analipia hicho hicho, na mijini darasa moja lina watoto wa lugha kumi. Kwetu Tororo swali la lugha gani ifundishwe wapi limefungamana na ule ugomvi wa muda mrefu kati ya Wateso na Wapadhola juu ya kugawa wilaya, kiasi kwamba ukitaja kitabu cha darasa la kwanza watu wanasikia mipaka ya ardhi. Nina ndugu pande zote mbili. Sitaamua hapa.

Ninachotaka kusema kuhusu shule ni kingine. Lugha inayokosa kitabu cha darasa la kwanza haichukuliwi na Kiingereza moja kwa moja. Inachukuliwa kwanza na jirani yake. Mtoto anafundishwa kwa lugha kubwa iliyo karibu, kwa kuwa hiyo ina vitabu, ina redio, ina kanisa. Wasoo wa milima ya Moroto, Napak na Kadam leo karibu wote wanazungumza Kikarimojong, na Kisoo kimebaki kwa wazee wachache. Kinyang'i, ndugu yake, kimefika mwisho kabisa. Kiik bado kiko hai kwa watu elfu kadhaa huko Kaabong, watoto wanakizungumza, na hilo ni la kushangiliwa kwa sababu wamezungukwa pande zote na wafugaji wenye nguvu kuliko wao. Jambo hili si la leo. Walango wenyewe, kwa asili, ni watu wa Ateker waliochukua lugha ya Kiluo karne zilizopita. Lugha zimekuwa zikihama Uganda tangu zamani. Tofauti ya sasa ni mwendo: lililokuwa likichukua vizazi vingi sasa linachukua kimoja, bibi anaongea na mjukuu hajibu.

Na lugha haiondoki peke yake. Kwa Watoro na Wanyoro kila mtu ana empaako, jina la heshima analopewa mtoto, na yako kumi na kitu tu: Amooti, Akiiki, Adyeri, Abwoli, Ateenyi na wenzake. Hata mtu na mtu wakiwa na ugomvi, wakikutana inabidi waulizane na kuitana kwa jina hilo kabla ya neno jingine. UNESCO iliiingiza desturi hii mwaka 2013 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Mtoro mmoja tuliyefanya naye kazi alikuwa akiniita Araali kwa sababu alisema hawezi kugombana vizuri na mtu asiye na empaako.

Nimewahi kuambiwa na wapenzi wenzangu wa Kiswahili kwamba dawa ya yote haya ni kukifanya cha lazima. Upande wa sheria, mlango uko wazi: marekebisho ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, Baraza la Mawaziri liliridhia kuundwa kwa Baraza la Taifa la Kiswahili mwaka 2019, na mwaka 2022 likaelekeza kifundishwe kwa lazima msingi na sekondari. Mtaala mpya wa sekondari wa mwaka 2020 ulishakiweka kwa lazima miaka miwili ya kwanza. Nafurahi. Lakini hakimo kwenye mtihani wa kumaliza msingi, ambao masomo yake ni manne, na katika nchi hii kisichotahiniwa hakifundishwi. Walimu ni wachache. Shule nyingi zina ratiba yenye jina la somo na hazina mtu wa kulisomesha.

Mimi ningependa twende kama mama wa chai anavyokwenda. Kiswahili kiongezwe, kisiwekwe mahali pa kitu. Mwalimu wa Kiswahili anayepelekwa Moroto afundishwe Kikarimojong kabla ya kuondoka, hata cha miezi mitatu, ili watoto wamsikie kwanza akihangaika na lugha yao ndipo wao wahangaike na yake. Wazee wa Kisoo warekodiwe sasa. Hospitali za wilaya ziajiri wakalimani na ziwalipe, na ajira hiyo iwahusu viziwi pia: Katiba yetu iliitaja lugha ya alama mwaka 1995, nchi nyingi zikiwa hazijawaza jambo hilo, na mwaka 1996 Alex Ndeezi akawa mbunge kiziwi wa kwanza barani Afrika. Bungeni amekuwa na mkalimani. Kiziwi anayefika zahanati na mtoto mgonjwa hana.

Binti yangu mkubwa yuko mwaka wa pili wa sekondari. Baada ya hapo Kiswahili kitakuwa cha hiari, na ameshaniambia kwamba anafikiria kukiacha kwa sababu ngeli zinamshushia alama. Tumebishana mezani, kwa Kiswahili, na mama yake akicheka. Nimekubali achague mwenyewe. Sharti langu ni likizo hii. Mama yake ni Mgwere, na bibi yake kule Budaka hana Kiingereza, Kiswahili anasikia cha kununulia chumvi tu. Binti anaelewa Kigwere akisemeshwa, lakini akijibu anajibu kwa Kiingereza. Ataenda akae huko mpaka shule zifunguliwe, alime, apike, aende sokoni na bibi, na simu itabaki kwangu. Bibi ameshauliza kama mjukuu wake anakula kalo, ule ugali wa ulezi.